Maiti Mlangoni kwa Gerson

Watu wa mji huu siwapendi, na wao wanajua. Nimewashonea kanzu miaka thelathini na nne. Najua nani bega moja limeshuka, nani anavuta tumbo ndani nikimpima, nani ananiambia "punguza kidogo hapa kiunoni, fundi" wakati kiuno alikipoteza mwaka aliooa. Ijumaa nikiwaona wanapita barabarani wamevaa kazi ya mikono yangu, wanatembea kwa maringo utadhani wamejishonea wenyewe, nasonya. Mke wangu Kuluthumu huniambia dharau yangu itaniua. Mimi humjibu ashughulike na sufuria zake.

Jina langu Abdulatifu. Duka langu liko hapa Tabora mjini, kwenye nyumba ya zamani aliyotuachia baba yetu, yenye baraza refu na vyumba vitatu vinavyotazama barabara. Cha kwanza changu. Cha kati kilikuwa cha Gerson, fundi viatu. Cha mwisho ni cha Levina, anauza chai na maandazi. Msimamizi wa nyumba ni mdogo wangu Sabiri, mtu ambaye hajui kushika sindano wala nyundo, ila ukimpa funguo anajiona liwali.

Gerson ni Mgogo wa Manyoni, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Utani huo hatukuuanzisha sisi. Ulianza zamani, babu zangu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya misafara kwenda pwani, na babu zake wamekaa kwenye visima wakitoza hongo kila mwenye kiu. Mimi alikuwa ananiita mpagazi. "Mpagazi, babu yako alibeba meno ya tembo miezi mitatu, akarudi na ushanga mmoja!" Namjibu, "Na wako aliwauzia watu maji ya Mungu, ndiyo maana mpaka leo nyie kuoga mnaona hasara!" Miaka ishirini na mbili hivyo, kila siku, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Mtani akikasirika amejivunjia heshima mwenyewe.

Tena tulikuwa na mchezo wetu. Unajua msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtu mwingine angepigwa. Anamwigiza marehemu, anamlilia kilio cha uongo, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Sisi hatukungoja msiba. Gerson akitaka chai ya bure alikuwa anakuja kulala chali mlangoni kwangu, anajinyoosha, anafumba macho. Amekufa. Mimi siwezi kutoka, mteja hawezi kuingia. Inabidi nimlilie kwa sauti, nitaje mabaya yake yote mbele za watu, kisha nimwagizie chai kwa Levina, ndipo anafufuka. Kesho yake nakufa mimi mlangoni kwake. Barabara nzima ilikuwa inajua, watu waliacha shughuli zao kuja kusikiliza matanga. Upuuzi mtupu, na niliupenda kuliko kitu kingine chochote katika mji huu.

Sasa siku yenyewe. Zilibaki wiki mbili Maulidi ifike na nilikuwa na kanzu kumi na tisa hazijaisha. Kuluthumu alikuwa Nzega kwa binti yetu Anifa, aliyekuwa amejifungua, kwa hiyo nyumbani nilikuwa peke yangu. Nikaamka alfajiri niswali, nikasikia kitu kizito kimenikalia kifuani, kama mtu ameniwekea gunia la mahindi akaenda zake. Uzito ukapanda mpaka kwenye taya. Mkono wa kushoto ukaanza kuuma kwa ndani, kisha ukafa ganzi. Nikakaa kwenye mkeka natweta.

Mimi si mjinga. Mwaka mmoja kabla ya hapo daktari alinipima presha akaikuta juu, akaniandikia vidonge vya kila siku, akaniambia kwa kinywa chake, "Mzee, ukisikia kifua kinabana na mkono unauma, usingoje. Njoo hapohapo." Daktari mwenyewe msichana, anaitwa Veneranda, rika la Anifa wangu, miguuni raba. Nikamtazama nikasema kimoyomoyo, huyu juzi tu alikuwa anacheza rede na wenzake, leo ananiamrisha mimi. Vidonge nilivimeza wiki moja, nikavitupa chooni.

Kwa hiyo alfajiri ile nilijua. Nasema nilijua, na nakuomba neno hilo usilipite juujuu. Nikaoga, nikavaa, nikatembea polepole kwenda mjini, na njia yangu inapita mbele ya hospitali. Geti lilikuwa wazi. Nikawaona watu kwenye benchi na kadi zao mikononi, mmoja kajifunga kanga kichwani, mwingine anatapika kwenye ndoo, wote wamenyong'onyea. Nikajiuliza, mimi Abdulatifu nikakae foleni na hawa? Nikamwambie yule msichana kwamba alisema kweli? Wapi! Nikajikaza kisabuni, nikapita.

Mpaka inafika saa sita mchana nilikuwa nimeshona kola mbili tu. Jasho lilinitoka mpaka chaki ikaloa mkononi. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua tena, halafu yakaja kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona. Nikainuka nikamwite Gerson. Nilitaka kumwambia neno moja tu, hospitali. Nilifika mlangoni kwake miguu ikagoma, nikaanguka chali, kichwa ndani ya duka lake na miguu barazani.

Na Gerson akafanya kile ambacho mtani hufanya.

"Uwiii! Uwiii! Mpagazi amekufa!" Sauti yake nadhani ilifika stendi. "Njooni mwone, jamani, mzigo wa leo umemshinda!" Nikamsikia anaburuta kigoda chake, anakaa karibu na kichwa changu, anaanza kuomboleza. "Nani sasa atatushonea kanzu zenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi? Nani atatudharau asubuhi na jioni? Nyie wenye kanzu zenu kumi na tisa, mtakwenda Maulidi mmejifunga mashuka!" Watu wakajaa. Nikasikia vicheko vinaongezeka. Mmoja akasema, "Leo mzee amekufa vizuri, hebu tazama anavyotoa macho." Nilikuwa najaribu kusema, ulimi mzito, pumzi haitoshi. Nikainua kidole. Gerson akakishika taratibu akakilaza chini. "Maiti hapungi mkono, mpagazi. Usituharibie msiba." Baraza zima likaangua kicheko. Akanifunika uso na kipande cha ngozi, akaninyunyizia maji ya kulowekea soli.

Chini ya ile ngozi niliogopa. Mimi niliyezoea kuwacheka watu nililala pale nawasikia wananicheka, na nikaogopa kuliko siku yoyote tangu nizaliwe. Nikawachukia wote, mmoja mmoja, kwa sauti zao.

Aliyeniokoa ni Levina. Alikuja na chai ya kunifufulia. Akainua ngozi anipe kikombe, akanigusa shingoni. "Gerson," akasema, "huyu ameloa chapachapa. Gerson, midomo yake imegeuka rangi. Nyamazeni! Nyamazeni nyote, huyu mtu anakufa kweli!" Kikombe kikavunjika. Gerson akanibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, na mwili wangu si mdogo, anapiga makelele watu wapishe njia. Tangu nilipoanguka mpaka bajaji kuondoka, wanasema, ilikuwa robo saa.

Hospitalini wakanibandika waya kifuani, wakanitafunisha aspirini, wakanichoma sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Watu walikuwa wamenizunguka, siwatambui, isipokuwa mmoja mwenye raba. Hakunikumbusha lolote. Aliniinamia akauliza kwa sauti ya juu, "Mzee, maumivu yameanza saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema. "Kabla sijaswali."

"Leo alfajiri? Na ukaenda kazini?"

"Nilikwenda."

Akaandika, akaendelea na kazi yake. Siku ya nne nilipoweza kukaa kitako, akavuta kiti akanieleza kwamba sehemu ya moyo wangu imekufa na hairudi tena. Iliyobaki inatosha kuishi, nikiitunza. "Ungeingia ile alfajiri, mzee, tungeokoa karibu yote." Nikamuuliza habari ya ile robo saa ya mlangoni kwa Gerson. Akasema kila dakika ina madhara yake, lakini robo saa ukiiweka karibu na yale masaa saba yangu, haifai hata kuizungumzia. Nikamwomba asimwambie mtu. "Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa," akasema, akaondoka na viatu vyake vya kitoto.

Jioni ile Kuluthumu, ambaye alikuwa amerudi mbio kutoka Nzega, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanishika mkono. "Baba Anifa, hukusikia dalili yoyote asubuhi?"

"Sikusikia kitu," nikamjibu. "Ghafla tu."

Huo ndio uongo wenyewe. Haukuwa mrefu.

Nilipotoka baada ya siku kumi nilikuta mji umeshahukumu kesi. Sabiri alikuwa amezunguka kuanzia msikitini mpaka sokoni akieleza namna Mgogo alivyomfanyia kaka yake matanga huku kaka anakata roho. Na wageni wakaja kunijulia hali. Ewe Mola, wageni! Mmoja kaleta asali ya Igalula, nilambe vijiko vitatu na kitunguu saumu, dawa za hospitali nitupe. Mwingine kaja na supu ya kongoro ina mafuta ya kupaka mlango, anakasirika nikikataa. Mzee Twalibu wa msikitini alikaa saa nzima akinitajia kila mtu aliyekufa kwa moyo tangu akiwa kijana, jina, mtaa na mahali alipozikwa, halafu akasema "pole sana, utapona." Wote walikuwa wananiongelesha taratibu kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Wote wananitazama kifuani.

Na wote walitaka kisa. Nikawapa. Nakwambia ukweli, nilikipenda kile kisa. Mara ya kwanza nilikisimulia kama kilivyokuwa. Mara ya sita maji ya soli yalikuwa yamegeuka ndoo nzima. Kufikia wiki ya tatu Gerson alikuwa amenisukuma na mguu kuona kama nimekufa sawasawa. Wageni walishika vichwa. "Lo! Huyo si mtu!" Na mimi nainamisha macho, nasema, "Ndiyo dunia." Kumbe raha ya kuonewa ni kubwa namna ile! Afadhali mara mia kuwa mtu aliyedhulumiwa kuliko kuwa mpumbavu aliyepita geti la hospitali kwa miguu yake.

Usidhani kupona kulikuwa lelemama. Chumvi marufuku, tumbaku marufuku, vidonge vya aina tano kila siku. Wiki ya kwanza niliruhusiwa kutembea mpaka mlangoni na kurudi, wiki ya pili mpaka kwenye kona, na kila wiki naongeza kidogo. Kifua kikinichoma kidogo tu nashika mshipa wa mkono nahesabu. Siku moja nilitoa machozi kwa sababu uji umepoa. Kuluthumu akageuza uso asinione, na heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi. Hakuna aliyekuwa ananitukana tena. Nilimkemea jirani mmoja kwa ushamba wake, mtu niliyekuwa namsema kila siku, akaishia kuniambia, "Ni kweli mzee wangu, wewe pumzika." Nikatamani nimrushie kikombe.

Gerson alikuja mara mbili. Mara ya kwanza hospitalini nilijifanya nimelala. Mara ya pili alikuja nyumbani, akavua viatu nje, akakaa karibu na mlango, mikono magotini. Hakuniita mpagazi. "Pole na kuugua," akasema. Nikageukia ukutani. Nilimdharau, nikwambie. Mtani gani anakuja kwa mtani wake amenywea namna ile? Nikamngoja aseme hata neno moja la kunikashifu, nipate pa kuanzia. Hakusema. Alikaa, akainuka, akaaga, akavaa viatu vyake, akaenda.

Baada ya hapo mambo yake yakawa mabaya. Watu walikwenda kuchukua viatu vyao, hata ambavyo havijashonwa. Mtu akaandika "mwuaji" kwa chaki kwenye mlango wake. Akafuta, wakaandika tena. Nilipata habari zote hizi, Levina alinieleza, na kila siku nilisema kesho. Kesho nitamwambia Kuluthumu. Kesho nitamwita Sabiri. Ilihitaji sentensi moja tu. Nikiifikiria, naona uso wa Kuluthumu ukibadilika, namwona Mzee Twalibu akitikisa kichwa, nawaona wateja wangu wote waliosimama mbele ya futi yangu, sasa mimi ndiye nimesimama nao ndio wananipima. Basi nanyamaza.

Halafu Sabiri akaja siku ya Alhamisi, amejaa fahari. "Kaka, nimekutafutia haki yako. Yule bwana nimempa mpaka Jumamosi ahame. Hawezi kukaa kwenye nyumba ya baba yetu."

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna haja ya kutumwa. Mtu mzima anaona mwenyewe." Akanigonga begani polepole, kwa vidole viwili, asije akanivunja.

Ijumaa nilishinda kitandani nimefunika uso. Jumamosi asubuhi nikavaa kanzu nikatoka. Nilikuwa nimefikisha nusu saa ya kutembea, na kutoka kwangu mpaka dukani ni nusu saa ya mgonjwa. Kuluthumu alitaka kunisindikiza, nikakataa. Kifua kilikuwa kinadunda na sikujua kama ni ugonjwa au ni woga, na kwa mara ya kwanza sikushika mshipa kuhesabu.

Nilimkuta Gerson anafunga sanduku lake la nyundo na gundi kwa kamba. Kigoda kiko nje. Sabiri amesimama pembeni na kufuli jipya mkononi. Watu wamejaa kwenye baraza na ng'ambo ya barabara, maana mji huu ukisikia mtu anahamishwa hakuna anayebaki nyumbani. Waliponiona wakanipisha, wengine wananishika kiwiko.

"Niacheni," nikasema. "Sikilizeni. Gerson hana kosa. Maumivu yalinianza alfajiri ya siku ile. Masaa saba nilikuwa nayo. Nilipita mlango wa hospitali nikawaona mmekaa kwenye mabenchi, nikaona aibu kukaa foleni na watu kama nyie. Daktari alishanionya mwaka mzima kabla, na vidonge vyake nilivitupa chooni. Ile robo saa si kitu. Nimewadanganya nyote, siku zote hizi, na yeye mnamfukuza bure."

Nikafikiri, haya, limekwisha.

Halafu mtu mmoja nyuma akapiga makofi. "Mtani ni mtani!" akapaza sauti. "Eti aibu kukaa foleni na sisi!" Kicheko kikalipuka. "Kapona, huyu! Kaanza kututukana!" "Mnyamwezi kaja kumtetea Mgogo wake!" Nikasema ni kweli. Wakacheka. Nikaapa kwa jina la Mungu, wakacheka zaidi, maana kwenye yale matanga yetu tulikuwa tumeapa mara elfu kuhusu mambo ya uongo. Nikawaambia nendeni mkamuulize daktari. "Tutakwenda, mzee, tutakwenda, lakini usipandishe presha." Mwingine akaniletea kiti.

Sabiri yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa na machozi. "Mmeona utu wa kaka yangu?" akawaambia. "Mtu ametoka kitandani, anajitwisha kosa ili amnusuru aliyetaka kumwua. Wangapi wanaweza?" Mzee Twalibu akasema Mungu anilipe. Watu wakaja kunishika mkono, mmoja baada ya mwingine. Nilisimama katikati yao napewa heshima, nakuapia, sijawahi kudharau mtu katika maisha yangu kama nilivyojidharau pale.

"Sabiri, mfungulie mtu huyu chumba chake," nikasema. "Nyumba ni yangu pia."

"Ukipona vizuri tutazungumza, kaka."

Nikamfuata Gerson, alikuwa ameinama anakaza kamba. "Wewe unaniamini?" nikamuuliza. "Niangalie. Ni kweli nilivyosema."

"Najua ni kweli." Hakuinua kichwa. "Nilikuwepo. Daktari alipokuuliza maumivu yameanza saa ngapi, aliyekuwa ameshika chupa ya maji ya dripu ni mimi. Mhudumu alikuwa ameenda kuleta stendi ya kuitundikia. Nilisikia."

"Siku zote hizi? Wanakuandikia mwuaji mlangoni na wewe unajua? Mbona hukusema?"

"Maiti ningemsema. Mzima ningemsema sokoni kwa tarumbeta, na ungenikoma." Akafunga fundo la mwisho. "Mgonjwa hasemwi. Hata kwetu sisi ombaomba wa visimani kuna mpaka. Nikasema ngoja apone, atasema mwenyewe. Nikaja nyumbani kwako nikakaa. Nikakusubiri. Ukageukia ukutani."

"Nimesema leo."

"Umesema leo." Akainuka na sanduku lake begani. "Nimekaa na jambo lako siku arobaini na tatu, mke wangu akiniuliza kama kweli niliua mtu kwa mzaha, nami namwambia nyamaza. Meza dawa zako, Mzee Abdulatifu. Basi la Manyoni linaondoka saa nne."

Watu wakampisha. Wengine walikuwa bado wanacheka, mmoja akamwambia, "Mtani wako kakusamehe, wewe unaondoka?" Sabiri akatia kufuli.

Sasa ni mwezi wa nane tangu aondoke. Moyo unaendelea vizuri, Veneranda anasema nimekuwa mgonjwa wa mfano, na nikifika pale nakaa foleni kwenye benchi na wenzangu mpaka niitwe. Nimempigia Gerson simu mara nyingi. Anapokea, anaulizia afya yangu kwa adabu, anakata. Kuluthumu nilimwambia usiku uleule wa Jumamosi na yeye aliniamini, kisha hakunisemesha siku tisa. Levina naye aliniamini, maana aliona lile jasho kwa macho yake. "Ndiyo maana chai sikuletei tena, mzee," aliniambia. "Ukiitaka, uifuate mwenyewe."

Wengine wote nimewaambia. Kila anayekuja dukani namwambia. Jana amekuja mteja kutoka Isikizya, akaniuliza mbona chumba cha fundi viatu kimefungwa. Nikasimamisha cherehani nikamweleza tangu alfajiri mpaka basi la saa nne, sikuacha kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Fundi, wewe na watani zako hamtaachana mpaka kiama." Nikamwambia asimame wima, nikampima mabega, kifua na urefu, nikaandika, nikamwambia aje Alhamisi.